Kulinganisha magari ya doria ya polisi: mbio ni sehemu ndogo tu

Mabishano kuhusu magari ya doria karibu kila mara huanzia kwenye namba mbili: linafikia kilomita 100 kwa saa kwa sekunde ngapi, na mwisho wake ni ngapi. Namba hizo ni za kweli, ila zinahusu dakika chache mno za zamu. Saa nyingi gari la doria limesimama kando ya barabara, injini inawaka, taa zinamulika, redio na kompyuta zinakula umeme, na askari yuko kitini anaandika ripoti. Kisha wito unaingia. Gari hilo hilo, ambalo limekaa saa mbili bila upepo kupita kwenye rejeta, linatakiwa liondoke kwa nguvu zote, likate kona na kusimama ghafla mara nne tano ndani ya kilomita chache. Muundo wa gari la doria unaotofautiana na wa ndugu yake wa kiraia umetokana zaidi na mruko huo, kutoka kusimama kabisa hadi kukimbia kabisa.

Tuanze na mfano mmoja unaoonyesha jinsi namba zinavyoweza kupotosha. Ford Police Interceptor Utility, ambayo ni sura ya polisi ya Explorer, SUV ya Ford, iliyosukwa upya kuanzia mwaka wa modeli 2020, inauzwa na injini za aina tofauti. Moja ni V6 ya lita 3.0 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 400. Nyingine ni haibridi ya lita 3.3 yenye nguvu za farasi 318 ukijumlisha mota ya umeme. Katika majaribio, ya turbo hufikia maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96, kwa sekunde 5.8 hivi, haibridi huchukua kama sekunde 7.3. Kwenye karatasi ni kipigo. Lakini piga hesabu ya barabarani: yakiondoka pamoja na kuongeza mwendo sawasawa hadi kilomita 96, haibridi itakuwa nyuma kwa mita 20 tu au pungufu kidogo. Urefu wa magari manne. Redio hufunika pengo hilo kabla dereva hajabadilisha njia.

Sasa geuza upande wa pili. Injini ya petroli ya ukubwa huo ikiwaka gari likiwa limesimama, kile ambacho mafundi hukiita sailensa, inakunywa kati ya lita 1.5 na 2.5 kwa saa, kutegemea kiyoyozi na mzigo wa umeme. Zamu yenye saa tano za kusimama inateketeza lita 7 hadi 12 bila gari kusogea hata hatua. Haibridi huzima injini, huendesha vifaa vyote kwa betri yake ya lithiamu, kisha huiwasha injini kwa muda mfupi betri inapopungua. Injini inapumzika, oili haichafuki kwa petroli isiyoungua, na moshi haumzunguki askari aliyesimama nyuma ya gari. Kwa doria ya mjini, nadhani ni vigumu kutetea ile ya turbo. Kwa barabara kuu ndefu zenye magari ya kasi, mizani inaelemea upande mwingine.

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha unalinganisha vitu vya aina moja. Marekani watengenezaji huuza makundi mawili yanayofanana kwa macho. Moja limeidhinishwa kwa ufukuzaji wa kasi. La pili ni gari la huduma maalumu: lina waya na alteneta (mashine ya kuzalisha umeme wa gari) za kipolisi, lakini halikuundwa kwa mbio. Chevrolet Tahoe imeuzwa kwa miaka mingi katika sura zote mbili. Anayenunua la pili kwa kazi ya la kwanza atagundua kosa lake katika kona ya tatu. Njia rahisi ya kuchungulia ni herufi ya mwendo kwenye ubavu wa tairi: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Kosa la karakana linalojirudia ni hili: gari liliingia na tairi za V, zikaisha, zikafungwa za T kwa sababu saizi inalingana na bei ni nafuu. Kuanzia siku hiyo lile si gari la kufukuzia tena, hata kama stika ubavuni hazijabadilika.

Majaribio yanayotajwa zaidi ni ya Polisi wa Jimbo la Michigan, wanaoyafanya kila mwaka tangu miaka ya 1970. Kuongeza mwendo, mwendo wa mwisho na breki hupimwa katika uwanja wa majaribio wa Chelsea. Uthabiti katika kona umekuwa ukipimwa kwenye njia ya mbio ya Grattan, madereva wanne wakipokezana gari lile lile mizunguko mingi kisha ikachukuliwa wastani. Hilo la madereva wanne lina maana kubwa. Gari ambalo dereva mmoja anamaliza nalo mzunguko kwa sekunde 95 na mwingine kwa 101 ni gari gumu kulitawala, na kituo cha polisi hakina madereva wa mashindano. Ukisoma ripoti ya namna hiyo, usitazame wastani peke yake. Tazama pengo kati ya dereva wa haraka na wa polepole. Kisha uliza gari lilijaribiwa likiwa tupu au limebeba vifaa, kwa sababu kizuizi kati ya viti vya mbele na vya nyuma, kompyuta, silaha, taa za juu na askari wawili wenye fulana za kinga vinaongeza kilo 250 hadi 300 kwa urahisi. Taa za juu peke yake hukata upepo vibaya kiasi cha kupunguza mwendo wa mwisho na kuongeza unywaji wa mafuta.

Breki ndizo zinazotenganisha wanaume na wavulana hapa, na ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi.

Chukua gari la kilo 2,000. Likiwa kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya kilojuli 770 hivi. Likiwa 200, nishati inapanda mara nne: karibu kilojuli 3,090. Kulisimamisha ni kugeuza yote hiyo kuwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye diski. Tuseme diski nne zina kilo 40 kwa jumla, na kila kilo ya chuma inahitaji kilojuli 0.46 ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Kusimama mara moja kutoka 100 kunapandisha diski kwa nyuzi 42. Kutoka 200 ni nyuzi 168, na za mbele hupanda zaidi kwa kuwa uzito wote unainamia mbele. Rudia mara tatu ndani ya dakika mbili, kabla chuma hakijapata nafasi ya kupoa, uone unafika wapi.

Gari la kiraia huonekana sawa katika kusimama kwa kwanza, pengine hata linasimama kwa umbali mfupi zaidi kwa sababu ni jepesi. Tofauti inajitokeza kusimama kwa tano na sita. Ndiyo maana jaribio la maana hurudia kusimama mfululizo bila kupumzisha, na ndiyo maana namba ya kuitafuta ni tofauti kati ya umbali wa kwanza na wa mwisho. Gari linalosimama kwa mita 40 mara zote kumi ni bora kuliko linaloanza na 38 na kumaliza na 46.

Dereva naye anapaswa kujua kusoma kanyagio. Kanyagio likibaki gumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto. Msuguano umekufa na dawa yake ni kupunguza mwendo na kuacha upepo upite. Kanyagio likiwa laini kama sponji na kuzama, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mapovu ndani ya mirija. Hilo ni baya zaidi, na mara nyingi kosa ni la karakana. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa kiwango cha chini kinachokubalika ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yaliyokaa miaka mitatu bila kubadilishwa yanaweza kuligeuza gari lenye breki nzuri kabisa kuwa hatari. Chevrolet ilipoamua kuifungia Tahoe ya polisi kalipa (vibanio vya pedi) za mbele za Brembo zenye pistoni sita, haikuwa mapambo: gari hilo ni zito, na kilo hizo zote lazima zisimame mahali fulani.

Joto la injini na giaboksi lina hadithi yake. Vifurushi vya polisi huongeza vipozaji vya oili ya injini, vya giaboksi na mara nyingine vya mafuta ya usukani, pamoja na feni zenye nguvu zaidi. Bila hivyo, giaboksi ya otomatiki inayofanyishwa kazi ya ufukuzaji hupika mafuta yake hadi yanakuwa meusi na kunuka kama mkate ulioungua, kisha gia zinaanza kuchelewa kuingia. Lakini vipozaji havitibu kila kitu. Uingereza polisi walitegemea BMW za dizeli zenye injini ya N57, gari ambalo kwenye karatasi lilikuwa halina mpinzani: la haraka, tulivu, lenye kunywa kidogo. Baada ya askari mmoja kufa mwaka 2020 gari lake liliposhika moto kwenye barabara kuu ya M6, vikosi viliacha kuziendesha kwa kasi, na maelezo yakaelekea kwenye mtindo wa matumizi wenyewe: kuwaka muda mrefu gari limesimama, kisha kubanwa kwa mwendo wa juu. Injini ile ile kwa raia anayekwenda kazini na kurudi ilikuwa haina neno. Huwezi kuinunua sifa ya gari kutoka kwa raia ukadhani umeipata pia kwa polisi.

Kuhusu bodi, kizazi kizima cha polisi wa Marekani kilikulia ndani ya Ford Crown Victoria, na bado wapo wanaoililia. Ilikuwa na fremu ya chuma iliyotenganishwa na bodi, V8 ya lita 4.6 mbele, na nguvu kwenda magurudumu ya nyuma. Haikuwa ya haraka. Nguvu za farasi 250 katika miaka yake ya mwisho si kitu cha kujivunia. Ilichokuwa nacho ni uvumilivu: ukipanda kingo ya barabara, unabadilisha kipande kilichopinda na kurudi zamu, na fundi yeyote anaweza. Doa lake kubwa lilikuwa tangi la mafuta, lililowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo gari lililosimama kando ya barabara kuu hugongwa. Baada ya ajali zilizowaka moto, Ford ilianza mwaka 2002 kutoa ngao za plastiki za kufunika sehemu zenye ncha zinazoweza kulitoboa tangi. Ya mwisho ilitoka kiwandani St. Thomas, Ontario, Septemba 2011.

Walioshindana nayo na waliokuja kuirithi walikuwa bora karibu kwa kila kipimo cha saa, lakini kila mmoja na kasoro yake ya umbo. Chevrolet Impala, inayovutwa na magurudumu ya mbele, ilikuwa nzuri kwenye theluji lakini magurudumu yale yale yanayovuta ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya breki, kwa hiyo tairi na beringi za mbele ziliisha haraka. Dodge Charger ya Hemi, V8 ya lita 5.7 yenye nguvu za farasi 370 kuanzia 2011, ndiyo iliyokuwa na mbio; paa lake lililoinama nyuma lilimfanya mtuhumiwa mrefu mwenye pingu aingie kwa kugonga kichwa, na askari anayemsukuma agonge mgongo. Ford Taurus ya polisi ilikuwa na turbo na mwendo wa magurudumu manne, ila ndani ilibana. Sedani hizi, magari ya chini yenye buti lililojitenga, hazikushindwa kwenye njia ya mbio. Zilishindwa mlangoni. Explorer ina mlango mpana, kiti kilicho usawa wa nyonga, na buti linalomeza vifaa. Askari anayeingia na kutoka mara arobaini kwa zamu, kiunoni ana mkanda wenye bastola, redio na pingu, anajua tofauti hiyo kabla hajaambiwa. Ford iliacha sedani ya doria mwaka 2019 na Charger ikakoma 2023.

Mambo ya ndani yanaonekana madogo lakini ndiyo yanayomchosha mtu. Kiti cha kifurushi cha polisi hupunguzwa pembe za chini ili mkanda wa vifaa usimchome kiunoni, na mgongoni huwekwa bamba la chuma dhidi ya kisu kutoka nyuma. Lever ya gia hupandishwa kwenye nguzo ya usukani ili katikati pabaki nafasi ya redio na kompyuta. Taa za ndani haziwaki mlango ukifunguliwa, kwani hakuna askari anayetaka kumulikwa anaposhuka gizani. Milango ya nyuma haifunguki kwa ndani. Sakafu ni ya mpira, si zulia, na kiti cha nyuma ni cha plastiki ngumu au vinili. Sababu zake nadhani hazihitaji kuelezwa wakati wa chakula. Ukitaka paneli za kuzuia risasi milangoni, kumbuka bawaba zinabeba mzigo wa ziada na mlango utaanza kushuka mapema.

Umeme ndio unaolaza magari mengi gereji, kuliko injini. Jumlisha: redio inaporusha sauti huvuta ampia 10 hadi 15, kompyuta 5 hadi 8, taa za LED za juu na za pembeni 10 hadi 20, king'ora cha wati 100 karibu 10, kamera na kinasa chake 2 hadi 3. Ongeza feni ya kiyoyozi, taa za mbele, pampu ya petroli na plagi, na unagusa ampia 90 au 100. Alteneta iliyoandikwa ampia 250 inatoa kiasi hicho ikizunguka kwa kasi. Injini ikiwa sailensa, hesabu nusu yake, na joto likipanda hata nusu hupungua. Volti zikishuka chini ya 13 huku kila kitu kimewashwa, betri ndiyo inayolipa pengo. Haibridi ya Ford haina alteneta kabisa: kibadilishi cha umeme hushusha volti kutoka betri kubwa na kutoa hadi ampia 220 hata injini ikiwa imezimwa. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo faida yake halisi, zaidi ya petroli inayookolewa.

Kisha kuna umeme unaovuja gari likiwa limeegeshwa. Kifaa kinachobaki macho na kuvuta ampia 4 kwa saa 12 kinakula ampia-saa 48, na betri nyingi za gari la doria zina 80 hivi. Asubuhi haliwaki, na anayelaumiwa ni betri. Dawa ni kifaa cha kukata umeme baada ya muda uliopangwa, fyuzi kuu ndani ya sentimita 45 kutoka betri, na waya wa ardhi uliofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya wa ardhi uliofungwa juu ya rangi hufanya kazi miezi mitatu, kisha redio inaanza kukoroma na hakuna anayeelewa kwa nini.

Ufungaji wa vifaa unaweza pia kuharibu gari ambalo kiwandani lilitoka zima. Julai 2017 polisi wa Austin, Texas, waliondoa barabarani karibu Explorer 400 baada ya askari kuathiriwa na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini. Ford ilieleza kuwa matundu yaliyotobolewa nyuma wakati wa kupitisha waya, bila kuzibwa, yalikuwa njia ya moshi kuingia ndani, na ikagharamia kuyaziba. Kila tundu linalotobolewa lizibwe kwa mpira na gundi ya kufaa, na waya zisipite kamwe mahali ambapo mfuko wa hewa hufumkia.

Magari ya umeme tupu yameshaingia kundini. Ford Mustang Mach-E ndiyo ya kwanza kupita majaribio ya Michigan, mwaka 2021. Kusimama muda mrefu si tatizo kwake: kiyoyozi na vifaa vikivuta kilowati 1.5, saa tano ni kilowati-saa 7.5, kiasi kidogo cha betri ya 80 au 100. Kinachoimaliza ni mwendo wa juu unaoendelea, na uzito unaokula tairi. Mwaka 2019 huko Fremont, California, Tesla ya polisi ilikaribia kuishiwa chaji katikati ya kumfukuza mtu, kwa sababu haikuwa imechajiwa vya kutosha kabla ya zamu. Gari halikuwa na kosa. Ratiba ndiyo iliyokuwa nalo. Kuhusu Lamborghini za polisi wa Italia na Bugatti ya Dubai, hizo ni shughuli nyingine, ingawa ile Huracán ya Italia imewahi kubeba figo kutoka Padova hadi Roma na kufika mapema.

Ukilinganisha magari yaliyokwisha kutumika, acha kilomita za dashibodi na utafute saa za injini. Magari mengi ya doria huonyesha saa zote na saa za kusimama kando kando. Mafundi huhesabu saa moja ya kusimama kuwa kilomita 40 hadi 53 za uchakavu wa injini. Gari lenye kilomita 110,000 na saa 2,500 za kusimama lina injini ya kilomita 210,000 hadi 240,000, na kama oili ilikuwa inabadilishwa kwa kufuata kilomita za dashibodi, kila mara ilibadilishwa baada ya karibu mara mbili ya muda wake. Fungua kifuniko cha oili uchungulie: utando mweusi mzito chini yake utakuambia kuliko daftari la matengenezo.